Tai wa mlimani, kuku wa Kibosho na bundi wa Sakina: majibu ya mwezi huu

Habari zenu wapendwa wasomaji. Mwezi uliopita niliandika kwenye ukurasa huu kuhusu yule tai mkubwa mwenye kishungi anayeishi kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru, nikasema IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kwenye kundi la ndege wanaokaribia kuwa hatarini kutoweka, na kwamba kinachommaliza ni miti mikubwa kukatwa, nyama ya porini kuisha, sumu, na hasira zetu za kuku. Basi meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, zingine za hasira kabisa, na mi nafurahi manake mtu akikasirika ujue amesoma. Siwezi kuzijibu zote, nimechukua hizi.

Swali: "Shikamoo mwandishi. Mimi ni mama nafuga kuku wa kienyeji Kibosho. Wewe unawatetea hao ndege lakini sisi vifaranga vinaisha, juzi kachukua na mtetea mkubwa kabisa. Jirani kaniambia niweke dawa ya wadudu kwenye kuku aliyekufa nitupe kwenye majani, nitamaliza kazi siku moja. Nifanyeje? Aika." (Mfugaji, Kibosho)

Marahaba mama yangu, na pole sana, mtetea anayetaga ni hela ya shule ile, sio jambo la kuchukulia poa. Ila nakuomba kwa heshima zote, hiyo sumu usiweke, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza tujue nani anakuibia. Tai mwenye kishungi windo lake ni mbega, kima, perere (pimbi wa mitini), funo (swala mdogo wa msituni), hao ndo chakula chake, na muda mwingi yuko ndani ya msitu sio juu ya banda lako. Wanaokuja vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, ni wengine. Vifaranga mara nyingi ni mwewe, yule wa kahawia mwenye mkia uliogawanyika mwishoni, anazunguka chini chini juu ya mashamba alafu anashuka kama jiwe. Mtetea mkubwa anayepotea kimyakimya karibu na miti ni kazi ya kipanga mkubwa, yule mweusi mgongoni na mweupe tumboni, au kuna wengine weusi karibu mwili mzima, huyo anapita kasi katikati ya migomba na ukigeuka huoni kitu isipokua manyoya. Na saa ingine sio ndege kabisa, ni kicheche au kanu aliyekuja usiku, we asubuhi unaangalia juu unalaumu mbingu.

Kuna mmoja anaonewa sana na nataka nimtetee kwa nguvu. Ni yule ndege mnene mwenye mkia mwekundu, tumbo mara nyingi jeupe, anayekaa juu ya nguzo za umeme barabara nzima ya kupanda Kibosho. Huyo anakula panya, fuko na nyoka. Kifaranga anaweza kuchukua mara mojamoja, lakini kwa siku nyingi za mwaka anakulindia mahindi na viazi vyako bure. Watu wanampiga manati kwa sababu ndo anayeonekana, anakaa wazi, wakati mwizi mwenyewe kajificha kwenye mringaringa.

Sasa sumu. Sumu haichagui mama. Ukiitupa kwenye majani atakula mbwa wa jirani, atakula paka, atakula kunguru, mtoto ataokota. Na yule kipanga ulomkusudia huenda asiguse kabisa, manake yeye anapenda kuua mwenyewe, hapendi mizoga. Mwezi wa sita mwaka 2019 huko Botswana watu waliweka sumu kwenye mizoga ya tembo watatu, wakafa tumbusi 537 na tai wawili sehemu moja. Hizo dawa za chembechembe zenye kabofurani, sumu kali ya wadudu, chembe moja tu inaweza kuua ndege mdogo, Marekani wenyewe waliziondoa hizo za chembechembe miaka ya 1990 baada ya kuona ndege wanakufa mashambani. Sisi bado mtu anatoa ushauri huo kwenye kikao cha mbege kama vile ni dawa ya mafua. Na sheria ipo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuua mnyamapori bila kibali ni kosa, na ndege ni wanyamapori.

Kinachofanya kazi ni hiki. Vifaranga wiki sita mpaka nane za mwanzo wasiachiwe hovyo, wakae kwenye tenga au kizimba chenye wavu juu, hata wavu wa zamani wa samaki unafaa, unauzwa bei ya kawaida tu. Chakula na maji viweke chini ya kitu, chini ya migomba au kibanda cha majani, sio katikati ya uwanja, manake kuku akiwa kwenye uwazi hana pa kukimbilia. Jogoo mzuri mwenye kelele ni mlinzi, na kuku wa kienyeji wanajua mlio wake wa hatari wanaingia kichakani wote mara moja. Wenye mabanda makubwa funika eneo la nje lote. Hasara haitaisha kabisa, sikudanganyi, ila itapungua kuliko ukiua ndege mmoja, kwa sababu ukimuua huyo eneo lake linabaki wazi na wiki zijazo anakuja mwingine kijana ambaye hajui kuwinda vizuri, na hao vijana ndo wanaopenda kuku wa bure.

Swali: "Niko kidato cha tatu Machame. Mwalimu alisema tai huyo anaua mbega. Ni kweli anaweza kumbeba mbega mzima? Na akiendelea hivyo si mbega wataisha?"

Mdogo wangu swali zuri, na umeniponza kwa sababu hapa naweza kuongea mpaka kesho.

Jike ana uzito kama kilo tatu na nusu mpaka nne na ushee, dume mdogo kidogo, mbawa zikifunguka zinafika karibu mita moja na nusu mpaka moja na themanini. Sio tai mzito kuliko wote Afrika, ila miguu yake ndo habari nyingine, minene, na kucha ya nyuma inafika kama sentimita sita. Anaua kwa kubana. Mbega dume mkubwa anamzidi uzito mara mbili na zaidi, kwa hiyo hapana, hambebi mzima akaruka naye juu ya miti, anamuulia pale chini au kwenye tawi, anamkata vipande, anabeba kipande kimojakimoja kwenda kiotani au anaficha kwenye miti anarudi kesho. Ana nguvu ya kuua mnyama mzito kuliko yeye mara kadhaa, ndo mana watu wanamwita chui wa angani na kwa kweli hawajakosea.

Mbawa zake ni fupi na pana, mkia mrefu, hilo ni umbo la ndege wa msituni anayekata kona katikati ya mashina. Hazunguki juu kutafuta chakula kama tumbusi. Anakaa kimya kabisa kwenye tawi, saa nzima, masaa, anasikiliza, alafu anajiachia. Wale kima wana mlio maalumu wa kumtangaza yeye, ukisikia msitu mzima umelipuka kelele alafu ghafla kimya, mbega wameshuka kwenye majani mazito, ujue yuko. Lakini kama unataka kumwona usiingie ndani kumtafuta, utachoka. Simama sehemu wazi pembeni ya msitu ukungu ukishapanda, saa tatu mpaka saa tano asubuhi hivi, utamsikia dume anapiga mluzi mrefu wa kurudiarudia, anapanda juu sana na kushuka kama mtu anayeendesha baiskeli kwenye matuta, anatangaza eneo lake. Sauti hiyo inafika mbali.

Kuhusu mbega kuisha. Jozi moja inahitaji eneo kubwa la msitu peke yake, haivumilii jozi nyingine humo ndani, kwa hiyo tai hawawezi kujazana. Na uzazi wao ni wa polepole mno. Jike anataga yai moja au mawili, analalia kama wiki saba. Wakitoka wawili, mkubwa anamuua mdogo wake siku za mwanzo mwanzo tu, inasikitisha lakini ndo ilivyo kwa tai huyu, anabaki mmoja. Huyo mmoja anakaa kiotani karibu miezi minne. Akishajifunza kuruka bado wazazi wanamlisha, miezi tisa mpaka kumi na moja mingine, manake kumkamata mbega ni ufundi wa kujifunza. Jumlisha mwenyewe: jozi kwa kawaida inatoa kinda mmoja kila baada ya miaka miwili. Miaka kumi mambo yote yakienda vizuri, makinda watano. Na wengi hufa kabla hawajafika umri wa kuzaa, ambao ni kama miaka mitano. Ni kama ukoo wenye ng'ombe mmoja anayezaa mwaka huu anapumzika mwaka kesho, alafu mtu anakuja anachinja huyo mama.

Hapo ndo nataka ushike, na wengine wote wanaosoma. Mbega na kima wameishi na tai huyu miaka mingi isiyohesabika na wapo. Binadamu ndo anayeweza kuwamaliza wote wawili, kwa kukata msitu na kutega waya. Ukiua panya kumi wanazaliwa ishirini, ukiua tai mzima mmoja kwenye upande mmoja wa mlima umefuta kazi ya miaka mingi. Mwaka 2024 watafiti walitoa hesabu ya ndege wawindaji wa savana za Afrika, aina 42, walilinganisha hesabu za barabarani za miaka ya nyuma na za karibuni kutoka Kenya, Botswana, kaskazini mwa Kamerun na nchi za Afrika Magharibi, asilimia 88 ya aina hizo zilikua zimepungua. Na zile kubwa ndo zimepungua zaidi hasa nje ya hifadhi. Hao ni wa savana, lakini sababu ni ileile, wakubwa wanazaa polepole hawawezi kufidia.

Swali: "Mi ni mama wa watoto watatu wadogo, naishi Mwika karibu kabisa na msitu. Nasikia tai huyo anachukua watoto. Ukweli ni upi, maana tunawatuma kuni na maji."

Dada nitakujibu bila kuzungusha, kwa sababu kukwambia hakuna kabisa itakua uongo. Yapo matukio ya kushambulia watoto yaliyoandikwa, machache mno kwa bara zima, moja Zambia mtoto wa miaka saba alishambuliwa akaokolewa. Na hata zamani za kale, lile fuvu la mtoto wa jamii za mwanzo za binadamu lililopatikana Taung Afrika Kusini mwaka 1924, watafiti wakiongozwa na Lee Berger walisema mwaka 1995, na mwaka 2006 wakaongeza ushahidi wa alama ndani ya matundu ya macho, kwamba aliuawa na ndege mkubwa kama huyu. Kwa hiyo hofu ya bibi zetu haikutoka hewani.

Lakini angalia maisha yako ya Mwika. Mtoto yuko kwenye hatari kubwa mara nyingi zaidi kwa bodaboda inayoshuka barabarani, kwa mto ukifurika, kwa mbwa wa mtaa. Tai huyu anaogopa binadamu na ana haki ya kuogopa. Sehemu moja tu ya kuwa makini kweli ni kiotani. Jike mwenye kinda ni mkali hasa, anashuka kwa mtu mzima anayepanda mti wake anamchana kichwa na mgongo. Basi watoto wasipande mti wenye kiota kikubwa, wasirushe mawe, na wale wadogo kabisa wasiende msituni peke yao, jambo ambalo mama yeyote wa huko juu analifanya tayari.

Swali: "Bundi anakuja juu ya dari la nyumba yetu Sakina kila usiku, anapiga kelele ya ajabu. Mama mwenye nyumba anasema kuna mtu atakufa, wanataka kumchoma. Naomba jibu la haraka." (Mpangaji, Arusha)

Kaka mwambie mama mwenye nyumba kwa adabu kwamba bundi kaja kwa sababu ya panya. Sakina kuna magodauni, kuna takataka za soko, kuna vyakula vya kuku, panya wamejaa, basi naye kafuata riziki. Hizo kelele kama mtu anavuta pumzi kwa nguvu ni makinda wanaomba chakula, watakaa wiki chache wataruka. Watu wanakufa kwenye nyumba zisizo na bundi pia, na nyumba yenye bundi familia inakula chakula kisichokojolewa na panya. Najua imani hii ni nzito kwa wazee wetu na sitaki kumdharau mtu, lakini kumchoma moto kiumbe hai darini ni ukatili, na nyumba yenyewe itaungua.

Na tafadhali, sumu ya panya msimwage hovyo darini. Hizi nyingi zinaua taratibu, panya anakula leo anakufa baada ya siku kadhaa, hapo katikati anatembea mlevi mlevi mchana kweupe, bundi anamchukua kirahisi, na yeye anavuja damu kwa ndani anakufa. Mkishamuua bundi panya wanarudi. Tumieni mitego ya kubana, zibeni matundu. Makinda wakishaondoka ndo mzibe na lile tundu la darini kama hamtaki arudi.

Swali: "Habari. Mimi ni mzee wa Nkoaranga, Meru. Kwenye shamba langu la kahawa kuna mti mkubwa wa asili, baba yangu aliuacha, juu kuna kiota cha tai mkubwa tangu sijaoa. Kuna kijana mwenye chenso ananipa hela nzuri ya mbao. Mjukuu wangu kasoma makala yako akaniambia nikuulize kwanza."

Shikamoo mzee wangu, na mshukuru sana huyo mjukuu, na wewe pia kwa kusubiri kabla ya kuita chenso. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Kama ni tai mwenye kishungi, na kwa vile barua yako inasema pia kuna mifupa ya perere chini ya mti naamini ndiye, basi huo mti wako una thamani ambayo hela ya mbao haifiki. Ndege hawa hawajengi kila mwaka upya, wanaongezea matawi juu ya yaleyale, kiota kinaweza kuzidi mita mbili upana, na mmoja akifa mwenzake anapata mwingine wanaendelea hapohapo. Kiota kinarithiwa kama kihamba. Wanachagua mti mrefu wenye panda imara chini ya majani ya juu, wenye njia ya kuingilia, mara nyingi kwenye korongo karibu na maji, na miti ya namna hiyo Meru na Kilimanjaro iliyobaki nje ya hifadhi ni ya kuhesabu. Ukikata huo hawahamii tu mti wa jirani, saa ingine hakuna wa jirani, na sehemu zingine nzuri zina wenyewe tayari. Eneo linabaki bila uzazi.

Watu wengi wanafikiri kwa kuwa ndani ya Hifadhi ya Arusha na ya Kilimanjaro misitu inalindwa basi imetosha. Haijatosha. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, hilo ni jambo kubwa, lakini mlima sasa umebaki kama kisiwa, zamani kulikua na misitu na vichaka vinavyounganisha na Meru, leo ni mashamba na makazi. Kinda wa Meru akitaka kutafuta eneo lake lazima avuke katikati, na anavuka kwa miti kama yako, mringaringa, mfuruanje, ile iliyoachwa kivuli cha kahawa. Na moto nao, kama ule wa mwezi wa kumi 2020 Kilimanjaro, unakula msitu kutoka juu wakati sisi tunakula kutoka chini.

Tai huyu anaweza kuishi na watu kama akiachiwa miti. Durban, jiji kubwa la Afrika Kusini, wanazaa kwenye mabonde ya kijani katikati ya nyumba, hata juu ya mikaratusi, na watafiti wamekuta chakula chao kikubwa huko ni pimbi. Nairobi wako msitu wa Karura. Sasa kama mjini wanaweza, kwenye kahawa yako wanashindwaje?

Ninachokushauri mzee, huo mti uache pamoja na michache iliyouzunguka, usibaki peke yake kama mlingoti, manake upepo utauangusha na jua litamchoma kinda. Ukiona majani mabichi yamewekwa juu ya kiota ujue wako kwenye kazi ya uzazi, wakati huo kazi za kelele na moto karibu na mti zisogezwe mbali mpaka kinda aruke. Kuchuma kahawa chini hakuna shida, wamekuzoea wewe na familia yako kuliko unavyodhani. Kama hela inahitajika kweli, na najua inahitajika, kuna miti ya kupandwa kama mgrevilea, vuna hiyo, na hata hiyo ulizia utaratibu wa vibali ofisi ya misitu ya wilaya kabla chenso haijawashwa. Alafu wageni wanaopenda ndege wanapita hapo Usa River kila siku kwenda Hifadhi ya Arusha, wengine watalipa vizuri kukaa chini ya kivuli chako na darubini na kunywa kahawa yako yenyewe, ila wasisogee mpaka chini ya kiota, wasirushe droni, na picha zisiwekwe mtandaoni pamoja na ramani ya shamba. Hilo la ramani ni la muhimu, wapo wanaonunua makinda.

Swali: "Mimi ni mwongoza wageni mlimani, nimeona ndege mkubwa sana karibu na kambi ya Barranco, Kilimanjaro, mweusi. Wageni wanasema ni tai mla mifupa. Ndo mwenyewe?"

Kaka yangu, uwezekano mkubwa ni kunguru mkubwa wa milimani mwenye doa jeupe shingoni, wale wako kambi zote wanaiba chakula cha wapagazi. Tai mla mifupa yupo, kaandikwa Kilimanjaro na Meru tangu zamani ila ni nadra sana. Mbawa zake ni ndefu nyembamba, zinapita mita mbili na nusu, mkia kama ncha ya mkuki mpana, tumbo la rangi ya kutu kwa sababu anajipaka udongo wenye chuma, na kidevuni ana ndevu. Sehemu kubwa ya chakula chake ni mifupa, ikiwa mikubwa anapanda nayo juu anaidondosha kwenye mawe ipasuke, tindikali ya tumboni inamaliza iliyobaki. Ukimwona piga picha hata mbaya, andika tarehe, saa, njia na mwinuko, utume kwenye atlasi ya ndege wa Tanzania au eBird, tovuti ya kuandikia ndege mtu aliowaona. Nyie waongoza wageni na wapagazi mko juu mwaka mzima, hakuna mtafiti anayeweza kukaa huko muda huo, taarifa zenu zina uzito.

Swali: "Dada tunaomba msaada, Himo hapa, vijana wameokota tai mdogo chini ya nguzo ya umeme, anapumua, bawa limelegea. Mmoja anasema kuna mtu Arusha ananunua. Tumfanyeje?"

Hii niliijibu kwa simu siku ileile, naiweka hapa kwa faida ya wengine kwa sababu itatokea tena.

Asiuzwe. Kukamata na kuuza bila kibali ni kosa, na tai wote na bundi wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kumtoa nje ya nchi bila vibali ni kesi kubwa. Huyo anayenunua hatakuwepo siku mtu wa wanyamapori anagonga mlango wako.

Mrushie kitenge au blanketi kichwani, akiwa gizani anatulia. Shika miguu kwanza juu ya kucha, mdomo sio hatari kama kucha. Muweke kwenye boksi la karatasi ngumu lenye matundu, kubwa kiasi cha kusimama bila kufungua mbawa, chini weka gunia sio nyasi laini, boksi likae sehemu tulivu isiyo na watoto na mbwa. Usimpe maji kwa kumfungua mdomo, yataingia kwenye mapafu. Usimpe ugali wala nyama yenye chumvi, siku moja bila chakula haimuui. Bawa usilifunge kwa kamba. Piga simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya au geti la hifadhi lililo karibu, waambie wazi ni ndege mwindaji amejeruhiwa, na ukikwama, Chuo cha Wanyamapori Mweka kiko hapo juu ya Moshi, wanaweza kukuelekeza kwa mtu sahihi.

Na nguzo yenyewe iangalieni. Ndege mkubwa akikaa mbawa zinagusa waya mbili kwa pamoja, au waya na chuma, anapigwa. Nguzo ikiua mara moja itaua tena kwa sababu ina sehemu nzuri ya kukaa. Piga picha ya nguzo na ile namba iliyoandikwa kwenye kibao chake, peleka ofisi ya umeme ya eneo lenu kwa maandishi, omba waya za juu zifunikwe plastiki ya kuzuia shoti. Barua ikisainiwa na mwenyekiti wa kijiji inasomwa haraka zaidi, na bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.